PS5 Ikiadimika, Usikimbilie Iliyobaki Rafuni

Kila mwaka bonasi ya chai inapokaribia huku kwetu Kericho na Bomet, maswali huwa yale yale. Kijana wa Kapkatet anayetaka kufungua kibanda cha gemu anauliza: ninunue PS4 mbili zilizotumika au nisubiri PS5 moja? Mzazi wa Silibwet aliyemwahidi mwanawe zawadi anashangaa kwa nini bei aliyotajiwa Agosti si ile anayotajiwa Novemba. Mwenye kibanda karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga ameambiwa PS5 zimeisha, ila Xbox ipo leo leo, tena kwa bei nafuu. Wote watatu wanauliza jambo moja: mashine tunayoitaka ikikosekana, tuchukue iliyopo?

Jibu langu ni hapana, isipokuwa katika hali chache nitakazozitaja. Mashine ya gemu hainunuliwi peke yake. Unanunua pamoja nayo CD ambazo jirani anaweza kukuazima, pedi ambazo fundi wa mjini anajua kuzifungua, na wachezaji ambao vidole vyao vimeshazoea vitufe. Uhaba huisha, lakini mashine uliyoinunua kwa haraka utakaa nayo miaka.

Uhaba wa juzi ulituonyesha nini

PS5 na Xbox Series X na S zilitoka wiki moja, Novemba 2020. Chipu za mashine zote hizo zilibuniwa na AMD na kutengenezwa na TSMC ya Taiwan. Viwanda vya chipu vilipozidiwa na maombi wakati wa Korona, mahasimu hao wawili walijikuta kwenye foleni moja. Walanguzi nao walikuwa wakizoa mashine mtandaoni kwa programu za kompyuta kabla mnunuzi wa kawaida hajamaliza kuandika jina lake.

Sony ilipanga kuuza PS5 milioni 14.8 katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2022. Iliuza milioni 11.5. Wakati huo Xbox Series S, yenye chipu ndogo zaidi, ilipatikana kwa urahisi. Ungetarajia wateja wahame kwa wingi, sivyo? Ila mwaka uliofuata, mzigo ulipoanza kufika madukani, Sony iliuza PS5 milioni 19.1. Wengi walikuwa wamesubiri tu, na waliokuwa na PS4 waliendelea kuicheza.

Jambo kama hilo lilikuwa limetokea zamani. Mwaka 2000 Sony ilikosa vipuri vya kutosha vya PS2, ikapunguza mzigo wa kwanza wa Marekani kutoka mashine milioni moja hadi laki tano. Dreamcast ya Sega ilikuwa madukani tayari, tena kwa bei ya chini. Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Aliyeikimbilia kwa sababu tu ilikuwepo alibaki na mashine isiyotolewa tena.

Kwa hivyo mshindani halisi wa PS5 huku kwetu ni PS4 iliyotumika, si Xbox. Ukilielewa hilo, maamuzi mengine yanakuwa mepesi.

Je, ni uhaba wa kweli au ni maneno ya muuzaji?

Usikubali neno "zimeisha" bila kulichunguza. Bei hupanda Kericho kwa sababu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake.

- *Uhaba wa dunia.* Maduka ya nchi nyingi hayana mashine kwa wakati mmoja, na habari zake ziko kila mahali. Dawa ni kusubiri au kununua kizazi kilichopita.
- *Shilingi.* PS5 ilipotoka, dola moja ilikuwa kama shilingi 110. Mwanzoni mwa 2024 ilifika takriban 160, kisha ikashuka hadi karibu 130. Mwanzoni mwa 2024 PS5 zilikuwa tele duniani, lakini aliyeagiza kwa dola hakuweza kuuza kwa bei ya zamani. Dawa ni kufuatilia dola kabla ya kuagiza.
- *Msimu.* Muuzaji anajua pesa zimeingia. Dawa ni kununua mapema, na nitalirudia hili hapa chini.

Kupambanua ni rahisi. Piga simu maduka matatu: moja la hapa Kericho au Bomet, moja la Nakuru au Kisumu, na moja la Luthuli Avenue, Nairobi. Uliza bei ya mashine ile ile, toleo lile lile, kwa siku moja. Kama Nairobi ipo kwa bei ya kawaida na hapa "imeadimika", huo si uhaba. Hesabu nauli ya mzigo uone kama tofauti inaeleweka.

Halafu sikiliza vizuri ni kipi hasa kinachokosekana. PS5 Pro ilipotoka Novemba 2024 bila kisomaji cha CD, watu walianza kuvigombania visomaji vinavyouzwa kando, na katika baadhi ya nchi vikaadimika. Mashine ilikuwepo, kipande ndicho kilichokosekana. Ukiuziwa mashine isiyo na kisomaji kwa ahadi kwamba utakipata baadaye, jua kwamba hapo ndipo uhaba unapoweza kukukuta.

"Lakini Xbox ipo, na ni nafuu"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Xbox ni mashine nzuri. Pedi za Xbox One zinafanya kazi kwenye Series S na Series X, jambo ambalo Sony haikulifanya kikamilifu. Pedi ya PS4 ukiichomeka kwenye PS5 itacheza gemu za PS4, lakini gemu za PS5 zenyewe zitaikataa.

Kabla ya kuvuka upande huo, jibu maswali haya ukiwa umekaa chini, si ukiwa umesimama mbele ya kaunta:

1. Series S haina mahali pa kuingiza CD. Je, una intaneti ya kupakua gemu zenye ukubwa wa makumi ya GB? Bando za simu zitakumaliza.
2. Utalipiaje gemu hizo? Duka la mtandaoni la PlayStation halihudumii Kenya rasmi, na wachezaji wetu hutumia akaunti za nchi nyingine na kadi za zawadi. Usidhani kuhamia Xbox kutakuondolea tatizo hilo. Muulize mtu wa hapa anayeitumia jinsi anavyolipa, akuonyeshe kwa macho.
3. Ni watu wangapi mtaani kwenu wana Xbox? Kama ni wewe peke yako, utamwazima nani gemu?
4. Fundi wako amewahi kufungua pedi ya Xbox? Muulize kabla hujanunua.

Xbox inafaa kwa mtu mwenye intaneti ya nyaya nyumbani, anayecheza peke yake au na marafiki wa mtandaoni, na asiyejali kukusanya CD. Inafaa pia kwa familia ambayo watoto hawajazoea mashine yoyote. Kwa kibanda cha biashara huku kwetu siipendekezi hata ikiwa nusu bei. Mteja anayeingia kibandani Litein na shilingi ishirini mkononi hataki kujifunza vitufe vipya. Atafungwa mabao manne na kijana aliyezoea, na kesho atakwenda kibanda cha ng'ambo.

Kununua PS4 iliyotumika bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa, kwa hivyo nitakaa kidogo. PS5 ikiadimika, PS4 nzee hupanda bei, na kila iliyokuwa imefia kabatini hupanguswa vumbi na kurudishwa sokoni. PS4 ya kwanza ilitoka 2013, Slim na Pro zikatoka 2016. Nyingi utakazoziona zimeshafanya kazi miaka mingi, baadhi yake vibandani kutwa kucha.

Nenda na CD yako, pedi yako kama unayo, na mtu mmoja anayejua gemu. Kisha fanya hivi:

1. Iwashe, uicheze nusu saa. Usikubali dakika tano. Mashine yenye joto kali huanza kupiga kelele au kujizima baada ya kupata moto. Feni ikinguruma muuzaji akakwambia "hiyo ni kawaida", mwambie aisafishe kwanza ndipo mrudi kwenye bei.
2. Ingiza na kutoa CD mara tatu. Kisomaji kinachokataa CD mara moja dukani kitaikataa kila siku nyumbani.
3. Tikisa waya wa HDMI taratibu picha ikiwa inaonekana. Ikikatika, tundu limelegea, na kulibadilisha ni kazi ya fundi stadi.
4. Ingia mtandaoni na akaunti yako. Simu yako itatoa intaneti. Mashine iliyofungiwa na Sony haitaingia, na hakuna fundi atakayekufungulia.
5. Pima pedi. Fungua gemu ya mpira, uiachie pedi bila kuigusa. Mchezaji akitembea mwenyewe, stiki imechoka. Bonyeza kila kitufe, hasa R2 na X, maana ndivyo hupigwa zaidi.
6. Angalia skrubu na stika. Kufunguliwa si dhambi, mashine nzuri husafishwa. Lakini muulize ilifunguliwa kwa nini, na usikilize kama jibu linabadilika.
7. Mwambie aifute mbele yako na kuondoa akaunti yake. Gemu zilizomo kwa jina lake ni za akaunti yake, usizihesabu kuwa zako.

Kuhusu mashine zilizochipiwa, yaani zilizobadilishwa ili zicheze gemu za wizi: nimeulizwa mara nyingi, na msimamo wangu haujabadilika. Mashine hiyo inaonekana rahisi kwa sababu inakuja na gemu thelathini ndani. Lakini huwezi kuiingiza mtandaoni bila hofu, ukiiboresha programu yake gemu hizo zitakataa kufunguka, na gemu mpya ya mpira ya Septemba itabaki kuwa hadithi. Kwa mwenye kibanda kuna la ziada: kutoza pesa kwa gemu za wizi ni kuvunja sheria ya hakimiliki, na mali yako inaweza kuchukuliwa.

Kalenda ya chai na kalenda ya mashine zinagongana

Ukumbuke ushauri huu hata ukisahau mwingine wote. Mwaka wa fedha wa viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA huisha Juni, na malipo ya pili, yaani bonasi, hufika karibu Oktoba. Gemu ya mpira ya EA hutoka mwisho wa Septemba: FC 24 ilitoka Septemba 29, 2023, FC 25 Septemba 27, 2024, na FC 26 Septemba 26, 2025. Novemba dunia nzima inanunua kwa ajili ya Krismasi. Shule nazo zinafungwa. Yaani mkulima wa Mogogosiek anapata pesa yake wiki zile zile ambazo mashine hupungua duniani na wateja wa hapa huongezeka. Muuzaji anaijua kalenda hii kuliko wewe.

Namna ya kuikwepa:

- Weka akiba kidogo kidogo kutoka malipo ya kila mwezi ya majani, ununue kati ya Februari na Julai. Wakati huo wauzaji wana mashine na hawana wateja.
- Kama ni lazima utumie bonasi, nunua mashine mapema na uache CD mpya hadi Januari. Gemu ya mwaka jana bado ni mpira.
- Januari na Februari tazama zinazouzwa na watu binafsi. Karo ya shule huzitoa mashine nyingi nyumbani, na nyingine hazijafikisha hata miezi miwili.
- Usikope ukitegemea bonasi ambayo haijatangazwa. Wakulima wa Kericho na Bomet walioona malipo ya 2025 yakishuka hawahitaji kuelezwa zaidi.

Najua pingamizi: "Mtoto anataka Krismasi, si Machi." Mwambie ukweli, mzazi. Mnunulie pedi ya pili au gemu aipendayo kwa mashine iliyopo, na umwonyeshe kwamba akiba ya PS5 imeanza. Mtoto mwenye miaka kumi na miwili anaelewa zaidi ya tunavyomdhania.

Amana na "mzigo uko njiani"

Uhaba huzaa matapeli. Ujumbe huwa ule ule: mzigo unatoka Dubai, zimebaki tatu, tuma nusu kwa M-Pesa nikuwekee. Masharti yangu ni machache na sitaki uyalegeze:

- Usitume amana kwa nambari ya mtu binafsi usiyemjua dukani kwake. Till au Paybill yenye jina la duka ni afadhali, ingawa hiyo pekee haitoshi.
- Uandikiwe toleo kamili: yenye kisomaji cha CD au isiyo nacho, mpya au iliyotumika, pedi ngapi, dhamana ya muda gani na ni nani anayeitoa.
- Iandikwe pia tarehe ambayo ikipita unarudishiwa pesa zote.
- Mzigo ukija kwa matatu au gari la mizigo kutoka Nairobi, ufungue ukiwa kwenye ofisi ya mizigo, uhakikishe nambari iliyo kwenye boksi ni ile iliyo mgongoni mwa mashine.

PS5 mpya yenye kisomaji kinachotoka huhitaji intaneti mara ya kwanza ili mashine ikitambue. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, wakati bado unaweza kuirudisha.

Wenye vibanda: jirani ameleta PS5, nifanyeje?

Fanya hesabu kabla ya hasira. Tuseme PS4 nzuri iliyotumika unaipata kwa shilingi 22,000 na PS5 kwa 75,000. Weka bei za siku yako, mfano huu ni wa kuonyesha njia tu. Kwa pesa za PS5 moja unapata PS4 tatu na 9,000 za pedi. PS4 ikicheza mechi 25 kwa siku kwa shilingi 20 inaleta 500, nayo inarudisha gharama yake kwa siku 44 kabla ya stima na kodi ya nyumba. PS5 ikitoza 30 kwa mechi 25 inaleta 750, na inahitaji siku 100. Usisahau kwamba mashine tatu zinahitaji televisheni tatu. Kama nafasi yako inaruhusu mbili tu, hesabu inabadilika.

Jumamosi jioni ndipo utakapoona tofauti. Wateja sita wakisubiri mashine moja nzuri, wanne wataondoka. Kwa hivyo agizo langu ni hili: jaza viti kwanza kwa PS4, kisha ongeza PS5 moja wakati bei imetulia, uiweke mahali inapoonekana kutoka mlangoni. Nunua yenye kisomaji cha CD, maana itasoma CD zako za PS4 na hutaanza upya.

Makosa ninayoyaona sana:

- Kununua mashine na kusahau pedi. Pedi ndiyo inayokufa kwanza kibandani. Uhaba ukitokea, pedi halisi hupanda bei pamoja na mashine, na za bandia hujaa. Weka mbili za akiba daima.
- Kuchomeka mashine moja kwa moja ukutani. Kericho ni nchi ya radi na mvua ya mawe, na stima ikirudi kwa nguvu inaunguza. Nunua kilinda umeme cha televisheni kwa kila mashine, na mawingu yakikaza chomoa.
- Kuchanganya PS4 na PS5 kwa wateja wanaotaka kucheza FC kwa mtandao wao kwa wao. Vizazi viwili hivyo havikutani uwanjani.
- Kupokea wanafunzi saa za masomo. Mapato ya asubuhi moja hayatoshi kukurudishia kibanda kilichofungwa na chifu.

Mawingu yaliyo mbele

Tangu mwisho wa 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta imepanda sana duniani, kwa sababu vituo vikubwa vya akili bandia vinazinunua kwa wingi. PS5 na Xbox zote zinatumia kumbukumbu hizo. Juu ya hayo, gemu ya GTA VI imetangaziwa Novemba 19, 2026, baada ya kuahirishwa mara mbili, na haitatoka kwa PS4. Vijana wataitaka PS5 kwa ajili ya gemu hiyo moja, mwezi mmoja baada ya bonasi.

Kama umeamua kwamba utahitaji PS5 kwa ajili ya GTA, inunue kabla ya Septemba, hata ikiwa itacheza mpira tu kwa miezi michache. Kama hujaamua, usisukumwe na tarehe hiyo, maana imeshasogezwa na inaweza kusogezwa tena. Peleka PS4 zako kwa fundi zisafishwe feni na kupakwa upya dawa ya kupooza chipu, ununue pedi za akiba wakati bado ni za bei ya kawaida, na umwombe mwenye duka unayemwamini akupigie simu mzigo wa Januari utakapofika.